Bango la Kampuni au Jina Lako Mwenyewe? Mazungumzo juu ya Uwakala wa Bima

Wasikilizaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa, nanyi mlioko Liwale, Masasi na Lindi mnaotusikia jioni hii, mazungumzo ya leo yanahusu riziki, na jambo la riziki halisemwi kwa papara.

Nataka tuzungumze juu ya kazi ya uwakala wa bima, na hasa juu ya swali moja ambalo mtu yeyote anayetaka kuingia katika kazi hiyo, awe kijana aliyetoka chuoni na cheti chake, au mstaafu mwenye kiinua mgongo kidogo mkononi, hana budi kujiuliza kabla ya kulipa hata kodi ya chumba cha ofisi. Swali lenyewe ni hili: Je, ni heri afungue ofisi chini ya bango la kampuni moja ya bima, auze hati za kampuni hiyo peke yake na kufuata taratibu zake, au ni heri ajitegemee, aandike jina lake mwenyewe juu ya mlango, awahudumie wateja kwa hati za kampuni zaidi ya moja, kadiri kanuni zinavyomruhusu?

Nitasema tangu mwanzo yale nitakayoyarudia hadi mwisho, ili aliyechelewa kuwasha redio asipitwe. Uzuri wa bango, rangi ya ofisi na ukubwa wa kamisheni ni mambo ya pili. Yako matatu yaliyo ya kwanza, na nitayaita masuala matatu. La kwanza: daftari la wateja ni la nani? La pili: siku ya madai, nani atasimama na mteja? La tatu: mkataba ukivunjika, mtatengana vipi? Mwenye majibu ya hayo matatu, yameandikwa na kutiwa sahihi, aweza kuchagua njia yoyote katika hizo mbili na asijute. Asiye nayo atajuta katika zote mbili.

Kwanza tutazame tulikotoka. Zamani swali hili halikuwapo. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima katika Tanzania Bara ikawekwa mikononi mwa shirika hilo peke yake. Kwa muda wa takriban miaka thelathini mtu aliyetaka kukata bima ya lori lake, iwe Nachingwea au Bukoba, alijua mlango ni mmoja. Naye aliyetaka kuwa wakala alijua bwana ni mmoja. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua milango kwa kampuni binafsi, kisha ikaja Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambayo chini yake Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, husajili kampuni, madalali na mawakala, na kuwaadhibu wanaokosea. Basi hiyari tuliyo nayo leo ni hiyari changa, na kitu kichanga hutaka uangalizi.

Sasa tuitazame njia ya kwanza, ya kukaa chini ya bango la kampuni moja. Kampuni hukupa jina linalojulikana, hukufundisha hati zake, hukuunganisha na mitambo yake ya kutolea stika, na pengine hukuchangia bango na meza. Mteja akiingia haulizi wewe ni mtoto wa nani. Jina la kampuni amelisikia redioni, basi huanza na imani kidogo. Kwa mtu asiye na mtaji mkubwa, na ambaye hajazoea kusoma masharti ya hati za bima, haya si mambo ya kudharau. Ukikwama, kuna mtu wa kumpigia simu. Ukikosea ada, kuna mtu wa kukusahihisha kabla kosa halijawa hasara.

Lakini kila kivuli kina mwenye mti. Kampuni yaweza kukupangia lengo la mauzo la mwezi, nawe hulifikii kwa sababu wakulima wa Mnero na Naipanga hawajauza ufuta wao. Kampuni yaweza kuacha aina fulani ya bima kwa kuwa imeona hasara katika mikoa mingine, nawe ukabaki unawaambia wateja wako wa Ruangwa kwamba bidhaa ile haipo tena. Kampuni yaweza kuchelewesha fidia, na lawama isiende Dar es Salaam ilipo ofisi kuu, bali ikaja kukugongea mlango wako hapa hapa sokoni. Na zaidi ya yote, siku ambayo kampuni itaondoa bango lake, utauliza: wale wateja mia niliowatafuta kijiji kwa kijiji, ni wangu au ni wao?

Watu wa Nachingwea hawahitaji kuelezwa sana juu ya mabango makubwa yanayokuja na kuondoka. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga, wakaja na matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, na watu wakapata kazi. Ilipofika mwaka 1951 mpango ule ulikuwa umekwisha kuachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa ikang'olewa. Leo kata moja hapa Nachingwea ingali ikiitwa Stesheni, lakini treni hakuna. Uamuzi wa kuleta ulifanywa mbali, na uamuzi wa kuondoa ulifanywa mbali vilevile. Nalitaja hilo si kwa kuwatia hofu ya kampuni za bima, maana nyingi zinafanya kazi yake kwa uadilifu, bali kwa kuwakumbusha kwamba anayejenga maisha yake juu ya uamuzi wa mtu wa mbali sharti ajue mapema kitakachobaki mkononi mwake uamuzi ule ukibadilika.

Tuje kwenye njia ya pili, ya kujitegemea. Hapa pana daraja mbili, na ni vema tuzitenganishe. Kuna wakala anayefanya kazi na kampuni zaidi ya moja, na kuna dalali wa bima. Wakala, hata akiwa na kampuni kadhaa, kwa sheria husimama upande wa kampuni anayoiuzia. Dalali husimama upande wa mteja. Humtafutia hati inayomfaa, humshauri, humtetea. Kwa sababu hiyo dalali huwekewa masharti mazito zaidi: sharti awe kampuni iliyosajiliwa, awe na wataalamu wenye elimu ya bima, na awe na bima yake mwenyewe ya dhamana ya kitaaluma, ili akimshauri mteja vibaya, mteja asipotelewe. Hiyo si kazi ya kuanza nayo mtu mwenye chumba kimoja mkabala na stendi. Ni kazi ya kuifikia.

Anayejitegemea ana uhuru mtamu. Mwenye daladala akija analalamika kwamba kampuni fulani ilimsumbua mwaka jana, wakala huyu humpa nyingine, na mteja hubaki wake. Kampuni moja ikisitasita kukatia bima pikipiki za kukodisha, nyingine huenda ikakubali. Lakini uhuru huo una gharama zake. Sharti usome hati za kila kampuni na kujua zinapotofautiana. Sharti uwe na usajili unaotakiwa. Sharti ulipe mwenyewe pango, umeme, intaneti, leseni ya biashara ya halmashauri na kodi ya TRA. Wala hakuna wa kukushika mkono unapoteleza. Mtu aliyezoea kuambiwa la kufanya hupata tabu kubwa katika uhuru huo, na si aibu kukiri kwamba wengine hufanya kazi vizuri zaidi wakiwa na msimamizi.

Basi ndugu wasikilizaji, turudi kwenye masuala yetu matatu, moja baada ya jingine.

Suala la kwanza: daftari la wateja ni la nani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya bima daftari ndilo mali yenyewe. Fikirini: hati ya bima ya gari huisha kila baada ya mwaka. Wakala anayejua tarehe ya kila mteja, akampigia simu wiki mbili kabla, hupata kamisheni ya kuhuisha bila kutafuta mteja mpya. Asiyejua tarehe huanza upya kila mwaka kama aliyehamia jana. Daftari lenye jina, namba ya gari, namba ya simu, kijiji na tarehe ya mwisho wa bima lina thamani kuliko samani zote za ofisi.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani mahakama ya New York ilikata shauri mwaka 1904 kwamba kumbukumbu za tarehe za kwisha kwa bima ni mali ya wakala anayejitegemea, si mali ya kampuni aliyoiuzia. Na juu ya msingi huo mawakala huru wa nchi hiyo wamejenga biashara za kurithisha watoto na hata kuuza. Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1922, mkulima mmoja wa Illinois aitwaye George Mecherle alianzisha kampuni ya State Farm ili kuwakatia wakulima bima ya magari kwa ada nafuu, na kampuni ile ikakua ikawa kubwa mno kwa kutumia mawakala wanaouza hati zake. Lakini katika State Farm wateja huhesabiwa kuwa wa kampuni. Njia zote mbili zimewalisha watu. Tofauti ni kwamba wakala wa kila upande alijua mapema daftari ni la nani. Je, wewe wa Ruangwa unajua? Mkataba wako unasemaje? Kama haukusema kitu, usidhani kimya chake kitakuwa upande wako.

Suala la pili: siku ya madai, nani atasimama na mteja? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo kazi ya bima inapopimwa. Siku ya kuuza kila mtu ni mcheshi. Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda anayetoka Mandawa kuja Ruangwa mjini, akamgonga mtembea kwa miguu akamvunja mguu. Bima ndogo ya pikipiki ndiyo inayopaswa kumfidia yule aliyegongwa. Lakini fidia haiji kwa kuonyesha stika. Inataka taarifa ya polisi, ramani ya mahali pa tukio, taarifa ya ukaguzi wa chombo, PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na hati za hospitali, leseni ya dereva, na fomu ya madai iliyojazwa sawasawa. Tena inataka kampuni iarifiwe mapema, maana kuchelewa kutoa taarifa ni sababu mojawapo ya madai kukwama. Aliyevunjika mguu yumo kitandani, na kijana mwenye pikipiki ana hofu ya polisi. Ni nani atakayezikusanya karatasi hizo, azitoe nakala, azifungashe katika bahasha, na kufuatilia kila wiki?

Wakala mwema atazikusanya. Wakala mbaya atasema, "Pigeni simu makao makuu." Na katika miji kama yetu, ambako habari ya asubuhi huwa imefika Mbekenyera kabla ya adhuhuri, dai moja lililolipwa kwa haki huuza bima nyingi kuliko mabango kumi, na dai moja lililotelekezwa hufunga ofisi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kampuni moja au kampuni nyingi, uliza: kampuni hii hulipa madai? Huchukua muda gani? Ofisi yake ya karibu iko wapi, Mtwara, Lindi au Dar es Salaam? Nikipeleka faili, nitajibiwa na mtu au nitajibiwa na ukimya? Kadhalika mfahamishe mteja wako kwamba akiona amedhulumiwa yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa sheria ile ya 2009, na kwamba kumpelekea malalamiko ni haki yake. Wakala anayemficha mteja haki hiyo, anamlinda nani?

Suala la tatu: mkataba ukivunjika, mtatengana vipi? Watu huona haya kuzungumza habari za talaka siku ya harusi, lakini wafanyabiashara hawana ruhusa ya haya hiyo. Mkataba useme: kampuni ikitaka kuniondoa itanipa taarifa ya muda gani? Kamisheni ya bima nilizoziuza kabla ya kuondoka nitalipwa? Nitazuiwa kuuza bima ya kampuni nyingine Nachingwea, na kwa muda gani? Bango, kompyuta na samani ni vya nani? Ada ambazo wateja wamelipa kupitia kwangu zitahesabiwa vipi? Juu ya hili la ada nasema kwa msisitizo: fedha ya mteja ni amana. Haigeuzwi mtaji wa duka, hailipi ada ya shule, haikopeshwi ndugu hata kwa siku mbili. Bima inategemea ada iwe imelipwa. Wakala aliyekaa na ada mfukoni amemwacha mteja wake uchi barabarani. Ndiyo maana ni heri mteja alipe moja kwa moja kwa kampuni, kwa benki au kwa simu, nawe usubiri kamisheni yako ya halali.

Haya, masuala ni matatu: daftari, madai, na kutengana. Nimeyarudia ili yakae.

Sasa tuyalete katika hali yetu halisi ya hapa. Fedha ya wilaya zetu ina majira. Ufuta huuzwa mnamo Juni na Julai, mbaazi hufuata, na korosho hutia fedha tangu Oktoba mpaka mwisho wa mwaka. Minada ya chama chetu kikuu cha ushirika, RUNALI, inapokwenda vizuri, pikipiki mpya huonekana kila njia, malori yapo, na mtu wa bima hupata wateja bila kuita. Kisha huja miezi ya Februari hadi Mei, mvua na palizi, fedha imekwisha, na mwenye pikipiki anaficha kwamba bima yake imepita. Kampuni iliyo mbali haioni majira haya. Inaona lengo la mwezi tu. Basi anayekaa chini ya bango na aombe lengo lake lihesabiwe kwa mwaka, na anayejitegemea aweke akiba ya Desemba kwa ajili ya Machi.

Aidha, tusitazame pikipiki peke yake. Maghala yanayopokea mazao kwa stakabadhi yanaendeshwa chini ya sheria ya mwaka 2005 inayotaka mali iliyomo ikatiwe bima. Maduka ya soko yanaungua. Wasafirishaji wanapeleka mizigo bandarini Mtwara. Na Ruangwa, tangu madini ya kinywe yalipovuta wawekezaji huko Matambarale, wamekuja wenye nyumba za wageni, wapishi na wenye magari ya kukodisha. Migodi yenyewe bima zake aghalabu hupangwa na madalali wa Dar es Salaam, na wakala wa wilaya asijidanganye kwamba atazipata. Lakini mama lishe mwenye jengo, fundi mwenye karakana na mwenye magari mawili aina ya Noah, hao ni wateja wake, na hakuna dalali wa Dar es Salaam atakayewafuata. Mshindani wake wa kweli ni benki zilizo mjini, ambazo siku hizi zimeruhusiwa kuwa mawakala wa bima, na ambazo humkatia mteja bima pale pale anapochukua mkopo. Benki ina jengo na ina jina. Wewe una miguu ya kufika Nambilanje na una ulimi wa kumweleza mzee kwa subira nini kimo katika hati yake na nini hakimo.

Basi nasaha yangu ni ipi? Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hii, mwenye mtaji mdogo, na aanze chini ya bango la kampuni moja, kwa sharti kwamba masuala yale matatu yameandikwa katika mkataba kabla ya sahihi. Aitumie miaka hiyo ya kwanza kujifunza: asome kila hati mpaka maneno yake madogo, afuatilie kila dai kwa miguu yake, aandike daftari kila jioni. Na aijue alama ya kwamba wakati wa kujitegemea umewadia. Alama hiyo ni hii: siku ambapo kamisheni za kuhuisha bima za wateja wake wa zamani, bila mteja mpya hata mmoja, zinatosha kulipa pango na matumizi ya ofisi tangu Februari hadi Mei, wakati minada imelala. Kabla ya alama hiyo, kujitegemea ni kukopa shida. Baada ya alama hiyo, kuendelea chini ya bango ni hiyari yake, wala halazimiki.

Na yule ambaye kampuni itakataa kumwandikia daftari ni la nani, itakataa kusema itamwondoa kwa taarifa ya muda gani, asitie sahihi, hata kama bango ni zuri na ofisi imekwisha kupakwa rangi. Kampuni zipo nyingine.

Mabibi na mabwana, muda wetu umekwisha. Nawaomba vijana wa Nachingwea na Ruangwa mnaoshika mikataba ya uwakala mikononi: msiitie sahihi juu ya kaunta. Ichukueni nyumbani, isomeni, mpelekeeni wakili au mwalimu mnayemwamini, na hakikisheni kwa TIRA kwamba kampuni hiyo imesajiliwa na kwamba ninyi wenyewe mmesajiliwa kabla ya kuuza hati ya kwanza. Na ninyi wateja, mnapokata bima, mwulizeni wakala wenu swali moja tu: "Nikipata ajali, utanisaidia kupeleka madai?" Msikilizeni anavyojibu, kisha ndipo mlipe.